Maswali Juu Yetu, Tuyaulize na Sisi

Mazungumzo ya wafanyakazi wa tereni mbele ya mkutano wa washiriki, Tunda



Mlituomba tueleze jambo moja mbele ya kupiga kura. Vijana wetu wawili, kijana mwanaume na msichana, wamemaliza lisansi ya uchumi Kindu. Wanaomba shirika liwasaidie kuanza masta, na kisha, Mungu akipenda, doktora. Katika mkutano uliopita mama mmoja alisimama akasema: "Miye niko na watoto sita, mbegu ya mupunga sina. Hii feza itaenda kusomesha mutu mukubwa mwenye diplome tayari?" Watu walipiga makofi. Swali lile ni la haki kabisa, na leo tumekuja kulijibu.

Kwanza tujue tunasema juu ya masomo gani. Zamani kwetu Kongo mtu alisoma miaka mitatu ya graduati, miwili ya lisansi, halafu kama ana nguvu na bahati, DEA au DES, ndipo doktora. Toka mwaka wa masomo 2021-2022 nchi ilienea mpango mpya unaoitwa LMD: lisansi miaka mitatu, masta miwili, doktora mitatu. Hiyo mitatu ya doktora ni ya kwenye karatasi. Wengi wanapitisha, kwa sababu wanafundisha huku wanasoma, au feza inakatika katikati ya uchunguzi.

Tena, kusoma kwa doktora si kama kusoma kwa lisansi. Kwa lisansi unajifunza yale ambayo wengine wamekwisha kujua. Kwa doktora unachukua swali ambalo hakuna mtu amelijibu vizuri, unakwenda kulitafutia jibu kwa watu wenyewe na kwa hesabu, unaandika kitabu, halafu unasimama mbele ya maprofesa wanaotafuta mahali ulipodanganyika. Ukijibu, wanakupa cheo. Ni ufundi wa kuuliza. Ndiyo maana tunasema jambo hili linatuhusu sisi wa Tunda, kwa kuwa maswali juu yetu yanaulizwa kila siku. Wanaoyachagua ni watu wengine.

Wengi wenu mnakumbuka proje ya Tuungane. Ilifanywa na IRC na CARE kwa feza ya serikali ya Uingereza, katika vijiji karibu 1,250 vya mashariki ya nchi, na Maniema ilikuwa ndani. Vijiji vilichagua kamati, watu wakafundishwa kuongoza kwa uwazi, feza ikaja ya kujenga shule, vituo vya afya na kadhalika. Yale mnayajua. Ambalo wengi hawalijui ni kwamba nyuma ya proje kulikuwa na uchunguzi mkubwa wa watu wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani: profesa Macartan Humphreys, pamoja na Raúl Sánchez de la Sierra na Peter van der Windt, ambao wakati ule walikuwa wanafunzi wa doktora.

Walitaka kujua kama proje ile inabadilisha kweli namna vijiji vinavyojiongoza. Sasa, ukichukua tu vijiji vyenye nguvu ukavipa proje, mwishoni vitaonekana vizuri, na utasema proje imefaulu, kumbe vilikuwa vizuri toka mwanzo. Kwa hiyo walipiga tombola mbele ya watu wote. Wenye bahati walipata proje, wengine hawakupata, na makundi mawili yakalinganishwa. Baadaye walitoa zawadi ya dola 1,000 kwa vijiji 560, nusu vya Tuungane na nusu visivyo vya Tuungane, wakaangalia: nani anaamua feza itumike namna gani? Nani anapata? Nani anakula peke yake?

Jibu lilitoka mwaka 2012, na makala yao ikachapwa mwaka 2019. Hawakuona tofauti ya maana. Vijiji vya Tuungane na vile vingine viliendesha ile feza karibu kwa namna moja. Wababa na wamama, hilo ni neno zito. Shule zilizojengwa zilijengwa, hakuna anayekataa. Lakini lile wazo kwamba kamati na mafunzo ya miezi kadhaa yatageuza namna ya kuongoza kijiji, uchunguzi haukulikuta.

Tunaleta habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza: bila uchunguzi wa namna ile, sisi watu wa proje tungeendelea kusema "imefaulu" kila mwisho wa mwaka, na wafadhili wangeendelea kuamini. Ya pili: maswali yalitungwa New York, wauliza maswali walikuwa Wakongomani, walioulizwa walikuwa sisi, na jibu liliandikwa kwa Kiingereza. Hatusemi wale watu walifanya vibaya. Walifanya kazi ya haki, na walikuwa na ujasiri wa kusema kile ambacho mwenye proje hapendi kusikia. Tunasema tu: katika ile safari yote, mtoto wa kwetu alibeba karatasi za maswali. Hakuchagua swali hata moja.

Sasa tuje kwenye mpunga, maana mama yule alitaja mpunga.

Kila mwaka inakuwa hivi. Wakati wa mavuno vijana wa baiskeli wanakuja, na bei iko chini. Tunauza, kwa sababu ada ya shule inadaiwa, mtoto anaumwa, deni la dawa linangojea. Miezi inapita, ghala ni tupu, na sisi wenyewe tunanunua chakula kwa bei ya juu. Tunauza chini, tunanunua juu. Je, ni ujinga? Hapana. Ni kukosa pumzi.

Ndugu zetu wa magharibi ya Kenya, upande wa Bungoma, wana mambo hayo hayo na mahindi. Huko, shirika la One Acre Fund na watafiti watatu, Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel wa Berkeley, walijaribu kitu chepesi: kumpa mkulima mkopo wakati wa mavuno, ili asilazimike kuuza mara moja. Burke na Bergquist walianza kazi ile wakiwa bado wanafunzi wa doktora. Makala ilitoka mwaka 2019. Wakulima waliweka mahindi, wakauza bei ilipopanda, na mkopo ulizaa faida ya asilimia 29. Tena waliona kitu ambacho mtu mmoja nyumbani kwake hawezi kukiona: mahali wengi walipopewa mkopo, bei yenyewe ya soko ilitulia, haikushuka sana wakati wa mavuno wala kupanda sana baadaye. Kwa hiyo hata jirani asiyekopa aliguswa na ule mkopo.

Mtu anaweza kusema: basi, tufanye vile vile Tunda, kazi imekwisha. Polepole. Bungoma kuna barabara, kuna soko karibu. Hapa kwetu mpunga unasukumwa kwa baiskeli katika matope mpaka Kibombo kutafuta gari la moshi, na gari la moshi linakuja siku linayotaka. Inawezekana shida yetu ni mkopo kama kule. Inawezekana ni barabara: mkopo utapata, mpunga utauweka, na mwenye baiskeli atakupa bei yake ile ile kwa kuwa hakuna mnunuzi mwingine. Inawezekana ni ghala, panya na unyevu. Mfadhili akituuliza kesho, "Niwape nini, mikopo, ghala, au daraja?", tutajibu nini? Kila mmoja wetu ana wazo lake. Na wazo baya likipewa feza nyingi linatupotezea mwaka mzima wa mavuno.

Hilo ndilo swali la kitabu cha doktora. Mtu akae mavuno matatu, apime bei kila wiki Tunda, Kibombo na Kindu, ajue nani anauza lini na kwa sababu gani, alinganishe, apige hesabu, atuambie. Na akiwa mtoto wa hapa, atajua kuuliza. Atajua kwamba mwanamke hatataja mpunga wake wote mbele ya shemeji. Atajua kwamba mtu aliyekimbia vita ya 1998 hapendi kuweka mali nyingi ndani, kwa sababu ghala lililojaa linaita wenye silaha. Hilo mgeni atachukua miaka kulisikia.

Tusifiche ugumu. Uchumi wa kiwango hicho umejaa hesabu, na vijana wetu watalazimika kurudia hesabu nyingi ambazo hawakupata vizuri. Vitabu vingi ni kwa Kiingereza. Milango ipo: Kisangani, na Kinshasa ambako kuna IRES, chuo cha utafiti wa uchumi kilichozaliwa wakati wa Lovanium, mwaka 1955. Nje ya nchi kuna AERC, muungano wa utafiti wa uchumi wa Afrika ulioundwa mwaka 1988, wenye makao Nairobi. Toka mwaka 2002 wana mpango wa doktora wa pamoja kati ya vyuo kama Dar es Salaam na Yaoundé II, na wanafunzi wa vyuo mbalimbali wanakutana Nairobi kwa masomo ya pamoja. Bursi zinapatikana, lakini wanaozitafuta ni wengi, na asiye na masta nzuri hafiki hata mlangoni.

Kuna na hofu nyingine, ambayo watu wanaisema chini chini: akisoma sana, hatarudi. Ni kweli, wako ambao hawarudi. Shirika hili ni la watu waliorudi, wengine toka Kindu na Lubumbashi, wengine toka kambi za Tanzania. Tunajua kurudi hakulazimishwi na karatasi. Mtu anarudi kama kuna kazi inayomngojea na watu wanaomtambua.

Kwa hiyo pendekezo letu ni hili. Kasha jekundu la matatizo lisiguswe hata franga moja. Kasha la kijani la mikopo na mbegu lisiguswe. Lifunguliwe kasha dogo la masomo, kwa mchango wa hiari na kwa msaada wa wafadhili wanaotaka, na lilipe mambo mawili tu: safari, na ada ya mwaka wa kwanza wa masta kwa wote wawili. Kutoka hapo watafute bursi, na sisi tutawasaidia kuandika barua.

Nao waahidi mbele ya mkutano. Swali la uchunguzi litoke hapa, tulijadili pamoja. Mtu anayeulizwa awe na haki ya kukataa, na jina lake lisiandikwe. Matokeo yasomwe kwanza hapa Tunda, kwa Kiswahili, hata kama yanatuumiza, ndipo yapelekwe kwa profesa. Na nakala ya hesabu zote ibaki kwa mwandishi wa shirika.

Kwa nyinyi wafadhili tuna ombi moja. Mkiandika proje, ndani yake kuna mstari wa feza ya tathmini, na feza ile inalipa mgeni wa wiki mbili. Sehemu yake ilipe kijana wa masta wa miaka miwili. Mtapata taarifa inayochelewa zaidi, na ya kweli zaidi.

Na kwako mama uliyeuliza: mbegu yako iko kwenye kasha la kijani, na ugawaji haubadiliki, tupige kura ya ndiyo au ya hapana. Tunachoomba ni kwamba siku moja mtu ajue kwa nini, kila mwaka, ile mbegu inazaa mpunga na mpunga hauzai feza.

Maswali sasa, halafu kura.