Kumchora Farasi Akienda Shoti



Nilipoanza kuchora mbio za farasi pale Ngong, Nairobi, nilianza na miguu. Kosa kubwa! Nikiinua macho, farasi kesha pita. Karatasini zimebaki kwato nne zisizo na mwenyewe. Lakini hata Géricault, bingwa wa Ufaransa, mwaka 1821 aliwachora farasi wa Epsom wakiwa hewani, miguu wameinyoosha mbele na nyuma. Picha alizopiga Muybridge huko Marekani mwaka 1878 zilionyesha kwamba anaporuka hewani, farasi huikunja chini ya tumbo.

Basi vuteni mstari mmoja, masikioni hadi mkiani. Wa pili ni mgongo wa mpandaji aliyeinama. Miguu baadaye, tena kidogo tu. Na raba iacheni bwenini.