Mlonge, Mti wa Mboga

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za mti uitwao mlonge, ambao wengine huuita mzunze.

Asili yake ni Bara Hindi, chini ya milima ya Himalaya, lakini umekwisha kuzoea nchi zetu, hasa pwani. Wapenda jua, na huvumilia ukame ukaushao mchicha bustanini. Hapo ndipo thamani yake ionekanapo; kwani mboga zikiwa haba mwezi wa Agosti, mtoto hudhoofika kwa ugali mtupu, na akikosa vitamini A kwa muda mrefu, hushindwa kuona gizani.

Majani ya mlonge yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini hiyo, tena yana protini na madini ya chuma. Yapukutwe kutoka vijitini, yaoshwe, yapikwe kama mchicha, pamoja na dagaa mkipenda. Maua na vitumba vyake huliwa pia, yakiisha kupikwa. Mizizi isiliwe, ina sumu. Kiangazi kikizidi, mti huweza kupukutika; kwa hiyo majani yaanikwe mapema, kivulini wala si juani, yatwangwe, na unga wake utiwe katika uji.

Mbegu nazo zina kazi. Maji ya Ziwa Victoria hutoka Jinja yakaingia Nile. Na huko Sudani, wanawake wa kando ya mto huo wametumia mbegu za mlonge kutakasa maji ya matope. Mbegu kavu humenywa, hutwangwa, hukorogwa katika maji. Taka hushikamana zikazama. Nasi twaweza kufanya vivyo hivyo mvua ichafuapo maji yetu. Lakini tusidanganyike: maji maangavu huweza kuwa na vijidudu vya maradhi. Yachujwe, yachemshwe, ndipo yanywewe.

Kuupanda si kazi ngumu. Mvua zianzapo, pandeni mbegu, au tawi lililokomaa, mahali pasipotuama maji. Uzungushieni miiba, maana mbuzi huyapenda majani yake. Ukifikia kimo cha mtu, ukateni kilele, utoe matawi mengi yafikiwayo na mkono.

Miti miwili mitatu uani yatosha kuanzia. Mvua zijazo zisitupite bure.