Kabla ya Kidonge cha Kwanza: Manufaa na Hatari za Kabamazepini



Kidonge kinachozungumziwa jioni hii kwa kawaida ni cheupe, kina miligramu 200 za dawa, na mara nyingi humfikia mgonjwa kikiwa ndani ya kibahasha kilichoandikwa kwa kalamu "1x2". Jina la dawa hiyo ni kabamazepini, ingawa wengi wameizoea kwa jina la biashara, Tegretol. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, kwa kifafa na vilevile kwa bipola. Imewarudisha watoto darasani na watu wazima kazini. Lakini dawa hiyohiyo inaweza kumbabua mtu ngozi, kumpatia mwanamke mimba asiyoitarajia akiwa na kijiti cha uzazi wa mpango mkononi, au kuipunguza nguvu dawa ya VVU ambayo mgonjwa anaimeza kila siku bila kukosa.

Sehemu kubwa ya madhara hayo inajulikana mapema. Yanaweza kuzuiwa iwapo maswali machache yataulizwa kabla ya kidonge cha kwanza, na iwapo mgonjwa atafuatiliwa kwa karibu katika miezi ya mwanzo. Hiyo ndiyo hoja ya mhadhara huu.

Kutoka Basel hadi Nakuru

Kabamazepini ilitengenezwa mwaka 1953 na mkemia Walter Schindler katika maabara za kampuni ya J.R. Geigy, mjini Basel, Uswisi. Kwa umbo la kikemia ni ndugu wa imipramini, mojawapo ya dawa za kwanza za sonona. Kwanza iliitwa kwa namba tu: G 32883.

Mwaka 1962 daktari wa Sweden, Sigfrid Blom, alieleza katika jarida la Lancet jinsi dawa hiyo mpya ilivyowasaidia wagonjwa wenye maumivu ya mshipa wa fahamu wa uso. Maumivu hayo ni makali mno. Mtu akinawa uso, akipiga mswaki au akiguswa na upepo shavuni, hushtuka kama aliyepigwa na umeme, na wapo wanaoogopa hata kutafuna. Hadi leo kabamazepini ni tegemeo kuu la wagonjwa hao. Uingereza iliiruhusu kwa kifafa mwaka 1965. Marekani ilianza kuiruhusu kwa maumivu ya uso mwaka 1968, kisha kwa kifafa mwaka 1974.

Matumizi ya tatu yalitokea Japani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, madaktari Takezaki na Hanaoka, na baada yao Okuma na wenzake, waliitumia kwa watu waliokuwa katika kipindi cha wazimu wa furaha, yaani ule upande wa bipola ambamo mgonjwa halali, anaongea bila kikomo na anatumia fedha bila hesabu. Wengi walitulia. Hata hivyo Marekani haikuidhinisha kabamazepini kwa bipola hadi mwaka 2004, tena ile ya kutoa dawa polepole mwilini. Leo kwa kawaida huja baada ya lithiamu na dawa nyingine kushindwa au kutomfaa mgonjwa.

Jinsi inavyofanya kazi inajulikana vizuri. Seli za ubongo huwasiliana kwa mipigo ya umeme, na kila mpigo huanza sodiamu inapoingia ndani ya seli kupitia njia maalumu. Baada ya mpigo, njia hizo hujifunga kwa muda mfupi. Kabamazepini huzishikilia zikiwa zimejifunga. Seli inayopiga kwa utaratibu wa kawaida huguswa kidogo tu. Ile inayopiga mfululizo, kama inavyotokea kifafa kinapomshika mtu, ndiyo inayozuiwa zaidi.

Kwa wazungumzaji wa Kiswahili, ushahidi wa karibu ulitoka Nakuru, Kenya. Mwaka 1991 Lancet lilichapisha utafiti ambamo wagonjwa 302 wa kifafa waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa fenobabitoni na wengine kabamazepini, wote wakihudumiwa katika ngazi ya afya ya msingi. Wagonjwa 249 walikamilisha mwaka mzima. Kati yao, asilimia 53 hawakuanguka hata mara moja katika miezi sita ya mwisho, na asilimia 26 zaidi walipungukiwa na degedege kwa zaidi ya nusu. Hapakuwa na tofauti kubwa kati ya dawa hizo mbili. Ilithibitika kwamba kifafa kinaweza kutibiwa vyema kwenye vituo vya kawaida, mbali na hospitali za rufaa.

Ni kifafa cha aina gani?

Kabamazepini inafaa kwa kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, na kwa degedege la mwili mzima la kukakamaa na kutikisika. Zipo aina nyingine ambazo inazichochea. Mtoto anayeduwaa kwa sekunde chache katikati ya sentensi, kisha akaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, anaweza kuzidiwa akipewa dawa hii. Vivyo hivyo kijana ambaye mikono humruka asubuhi akaangusha kikombe cha chai, na familia ikamwona mzembe.

Kwa hiyo maelezo ya aliyeshuhudia ni sehemu ya vipimo. Mama, mwalimu au mwenzake wa bwenini anajua kama macho yaligeukia upande mmoja, kama mkono mmoja ulianza kabla ya mwingine, kama tukio lilichukua sekunde tano au dakika tatu. Video fupi ya simu, iliyochukuliwa kwa idhini na kwa heshima, humsaidia daktari kuliko neno "anaanguka" likiandikwa peke yake kwenye kadi ya kliniki.

Ngozi

Athari inayotisha kuliko zote ni ugonjwa wa Stevens-Johnson na aina yake iliyo kali zaidi, ambamo tabaka la juu la ngozi hufa na kubanduka. Huanza kwa dalili ambazo wengi wangeziita mafua au malaria: homa, koo kuuma, macho mekundu yanayowasha. Kisha hutokea vidonda mdomoni, machoni na sehemu za siri, na mabaka yanayouma yakigeuka malengelenge. Wengine hupoteza maisha, wengine hubaki na makovu ya macho. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, hutokea kwa takriban mtu 1 hadi 6 katika kila 10,000 wanaoanza dawa. Katika baadhi ya nchi za Asia ilikadiriwa kuwa mara kumi ya hapo.

Kwa nini Asia? Jibu lilipatikana Taiwan mwaka 2004. Watafiti waliwapima wagonjwa 44 waliopata ugonjwa wa Stevens-Johnson kwa sababu ya kabamazepini, na wote 44 walikuwa na aina moja ya jeni, HLA-B*15:02. Miongoni mwa watu 101 walioimeza dawa bila tatizo, watatu tu ndio walikuwa nayo. Desemba 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilishauri watu wenye asili ya maeneo yenye jeni hiyo wapimwe kabla ya kuanza dawa. Kisha Taiwan ikalijaribu jambo hilo kwa vitendo: watu 4,877 walipimwa katika hospitali 23, asilimia 7.7 waliokutwa na jeni wakapewa tiba nyingine, na hakuna hata mmoja katika kundi zima aliyepata ugonjwa huo. Bila kipimo, walitarajiwa wagonjwa wapatao kumi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011.

Jeni hiyo ni nadra sana kwa watu wenye asili ya Afrika. Lakini Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na Kampala kuna familia zenye asili ya India, na kwao kiwango cha jeni hiyo kiko katikati, juu kuliko Ulaya na chini kuliko Asia ya Kusini-Mashariki. Swali la asili ya ukoo, likiulizwa kwa adabu, lina sababu ya kitabibu. Wala asiye na jeni hiyo hajasalimika kabisa. Kwa yeyote yule, upele unaoambatana na homa au vidonda vya mdomoni katika miezi ya mwanzo ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, bila kusubiri tarehe ya kliniki.

Dawa zinazokutana mwilini

Hapa ndipo Afrika Mashariki inapohusika kuliko mahali pengi duniani. Kabamazepini huchochea vimeng'enya vya ini vinavyovunja dawa, na kwanza huvichochea dhidi yake yenyewe. Mwanzoni, nusu ya dawa huchukua kati ya saa 25 na 65 kutoka mwilini. Baada ya wiki chache za kuimeza, hutoka kwa saa 12 hadi 17. Mgonjwa aliyetulia wiki mbili za kwanza anaweza kuanguka tena wiki ya tano bila kukosa dozi hata moja. Asilaumiwe kwa kutokumeza dawa. Huenda anahitaji dozi kurekebishwa.

Kisha vimeng'enya hivyo huzishambulia dawa nyingine. Dolutegraviri, dawa iliyomo ndani ya kidonge kimoja kinachotumiwa na watu wengi wanaoishi na VVU, hupungua mwilini kwa karibu nusu ikimezwa pamoja na kabamazepini. Kwa sababu hiyo mwongozo unataka dolutegraviri ya miligramu 50 imezwe mara mbili kwa siku badala ya moja, au itafutwe dawa nyingine ya kifafa. Dawa mseto ya malaria, ile ya artemeta na lumefantrini, nayo hudhoofishwa. Mtumiaji wa kabamazepini akiugua malaria, lazima mtoa huduma ajue, ili achague tiba na kumfuatilia hadi apone.

Zipo dawa zinazofanya kinyume, yaani huifanya kabamazepini yenyewe irundikane. Isoniazidi, inayotolewa kutibu na kukinga kifua kikuu, ni mojawapo. Erithromaisini, inayonunuliwa kwenye maduka ya dawa kwa kikohozi, ni nyingine. Mtu huanza kuyumba, kuona vitu viwili viwili na kusinzia mchana, na jirani anaweza kudhani amelewa. Juisi ya balungi pia huongeza kiwango cha dawa kwenye damu.

Mwanamke na uzazi wa mpango

Homoni za vidonge vya uzazi wa mpango na za vijiti huvunjwa haraka na vimeng'enya hivyohivyo. Katika utafiti mdogo wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017, wanawake kumi wenye kijiti cha etonojestreli walipewa kabamazepini kwa wiki tatu. Kwa wanane kati yao homoni ilishuka chini ya kiwango kinachozuia yai kupevuka. Sindano ya miezi mitatu na kitanzi havipungukiwi na nguvu kwa namna hiyo. Huu ni ushauri wa dakika mbili, lakini kliniki ya kifafa na kliniki ya uzazi wa mpango mara nyingi ziko milango tofauti, na kadi zake ni tofauti.

Kwa mjamzito, takwimu zilizopitiwa na mamlaka ya dawa ya Uingereza mwaka 2021 zinasema hivi: kati ya kila watoto 100 ambao mama zao walitumia kabamazepini, wanne au watano huzaliwa na kasoro kubwa za maumbile, zikiwemo za mgongo wazi. Kwa wanawake wote kwa jumla ni wawili au watatu. Kwa valproeti, dawa nyingine ya kifafa na bipola, ni takriban kumi. Anayepanga kuzaa aonane na daktari mapema, aanze asidi ya foliki, na dawa ipangwe upya ikibidi. Aliyekwisha kushika mimba asiiache ghafla, kwa sababu degedege kubwa linaweza kumuua yeye na mtoto.

Damu, chumvi na moyo wa mtu

Athari tatu zaidi zinahitaji kutajwa. Kabamazepini inaweza kushusha sodiamu ya damu, hasa kwa wazee na wanaotumia dawa za kukojoza, na mtu akachanganyikiwa au akaanguka zaidi. Kwa nadra sana, huzima utengenezaji wa seli za damu. Homa isiyoisha, kuvuja damu kwenye fizi au michubuko isiyo na sababu ni dalili za kupimwa damu haraka. Na mwaka 2008 mamlaka ya Marekani, baada ya kupitia majaribio 199 ya dawa 11 za kifafa, ilionya kwamba mawazo ya kujiua yalitokea karibu mara mbili kwa waliotumia dawa hizo kuliko kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Ni watu wachache, chini ya mmoja katika kila mia mbili, lakini swali "moyo wako ukoje siku hizi?" lastahili kuulizwa kila kliniki.

Kinachoombwa

Hakuna lolote kati ya haya linalompa mtu sababu ya kutupa vidonge vyake usiku huu. Anayeacha ghafla anaweza kushikwa na degedege mfululizo lisilokatika, na hilo linaua. Tiba hubadilishwa polepole, chini ya daktari.

Ombi la kwanza linaelekezwa kwa hospitali na vituo vya afya: kadi ya mgonjwa wa kifafa au bipola iwe na mistari michache ya lazima, yaani aina ya degedege, tarehe ya kuanza dawa, dawa nyingine zote pamoja na za VVU na kifua kikuu, njia ya uzazi wa mpango, na namba ya simu ya kupiga upele unapotokea. La pili ni kwa shule za famasia na uuguzi: mwanafunzi apimwe kwa mazoezi ya dirisha la kutolea dawa, akiongea na mgonjwa kwa Kiswahili chepesi, kabla ya kupewa cheti. La tatu ni kwa wagonjwa na walezi: kadi hiyo ibebwe kila mnapokwenda, iwe ni duka la dawa, kliniki ya wajawazito au kituo cha kutolea dawa za VVU, na ionyeshwe kabla ya kupokea dawa yoyote mpya.