Duka la Mtu Mmoja na Deni Lake

Mfugaji wa Malambo, wilayani Ngorongoro, anayeuza ng'ombe ili afungue duka hana budi kufahamu jambo moja: biashara ya mtu binafsi haitengani na mwenyewe. Kusajili jina BRELA, kwa mujibu wa Sheria ya Majina ya Biashara, Sura ya 213, hakulifanyi duka kuwa kampuni. Likishindwa kulipa, mdai aweza kufuata hata mifugo iliyobaki bomani.

Basi, akishapata namba ya mlipakodi kutoka TRA na leseni ya Halmashauri, na aweke daftari, atenge fedha za duka na za nyumbani, asikopeshe kwa kuona haya. Mwalimu na mtumishi wa umma wanao wajibu wa kumweleza hayo kabla hajauza ng'ombe wa kwanza.