Kabla Kopo la Rangi Halijafunguliwa



Aliyewahi kulipaka rangi trekta kuukuu anaijua huzuni hii: kazi imekwisha, boneti linang'aa, majirani wamesifu. Masika yakipita, rangi huanza kututumka na kubanduka, na chini yake kutu ni ile ile. Mwenye trekta humlaumu fundi, fundi huilaumu rangi. Mara nyingi kosa lilitendeka kabla kopo halijafunguliwa.

Tatizo lenyewe ni neno "safi". Ukimwambia fundi asafishe chuma vizuri, je, ni vizuri kwa jicho la nani? Wasweden walilijibu swali hilo kwa picha. Mwaka 1967 shirika la viwango la Sweden lilitoa kiwango nambari SIS 05 59 00, chenye picha za rangi za chuma katika hali nne za kutu, kuanzia A, chuma kipya chenye gamba la kiwandani, hadi D, chuma kilicholiwa kikawa na vishimo. Kisha huonyeshwa chuma hicho kikiwa kimesafishwa, daraja kwa daraja: St kwa brashi na zana za mkono, Sa kwa kupuliziwa chembe ngumu kwa nguvu ya upepo. Mwaka 1988 picha hizo ziliingia katika kiwango cha kimataifa ISO 8501-1, na wakaguzi wa meli na madaraja duniani kote hutaja "Sa mbili na nusu" kama sisi tutajavyo kilo na mita.

Matrekta nayo si mageni Sweden. Kiwanda cha ndugu wawili Bolinder kilianzishwa Stockholm mwaka 1844, na mwaka 1932 kikaungana na kile cha Munktell cha Eskilstuna. Ndiyo asili ya herufi BM katika matrekta ya Volvo BM.

Lakini mkulima wa Pangani au Kilifi, asiye na mashine ya kupulizia, afanyeje? Shabaha yake iwe St 3: kutu yote iliyolegea na rangi isiyoshika viondoke, na chuma kionyeshe mng'ao wake. Asianze na brashi ya waya, maana ataipakaza grisi kotekote. Kwanza aondoe mafuta kwa sabuni na maji ya moto, au kwa tina, akibadilisha tambara kila mara. Pwani kuna adui mwingine, chumvi ya upepo wa bahari, isiyoonekana. Hiyo huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi, kisha chuma kikaushwe kabisa. Ndipo zije brashi na msasa.

Tahadhari moja naomba isipuuzwe. Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi. Msasa uwe wa maji, fundi afunike pua na mdomo kwa barakoa yenye kichujio cha chembe laini, si ile ya kawaida ya vumbi, na watoto wakae mbali.

Chuma kikishakuwa kitupu, kisishikwe kwa mkono mtupu, kwani jasho nalo lina chumvi. Rangi ya kwanza, ya kuzuia kutu, ipakwe siku hiyo hiyo, kabla umande wa jioni haujaanguka.