Khofu Hutangulia Fikra



Tumeombwa tuzungumzie khofu na wasiwasi, nasi tutaanza na jambo tulishuhudialo darasani. Mtoto ameihifadhi sura nyumbani, ameisoma mbele ya mama yake bila ya kosa. Akisimama mbele yetu, fimbo ikiwa juu ya meza, hana alijualo. Kwa miaka mingi tulimwita mvivu.

Ndani ya ubongo, kulia na kushoto, mna vifundo viwili vidogo vyenye umbo la lozi. Waarabu nao huviita kwa jina hilo hilo, al-lawza. Kazi yao moja kubwa ni kuonya juu ya hatari. Mwanasayansi wa Marekani, Joseph LeDoux, aliyewachunguza panya na kuandika kitabu mwaka 1996, alieleza kuwa habari ya tishio huzifikia lozi hizi kwa njia mbili. Njia fupi ni ya haraka, lakini huleta picha isiyo dhahiri. Njia ndefu hupitia kwanza gamba la ubongo, ambako kitu hupambanuliwa. Ndiyo maana mtu huruka aonapo kamba gizani, kisha ndipo akatambua kuwa si nyoka.

Onyo likishatoka, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, na baadaye kotisoli. Moyo huenda mbio, kinywa hukauka, viganja hutoka jasho. Wakati huo huo sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo hushika mawazo na kuyapanga, hudhoofika. Basi ile sura haikupotea. Njia ya kuifikia ndiyo iliyozibwa kwa muda.

Wasiwasi ni jirani wa khofu. Khofu ina kitu mbele yake. Wasiwasi hungojea kisichokuja bado, na pengine hakitakuja. Mtoto huyo huumwa tumbo tangu usiku, na fimbo haijaonekana.

Kumwambia "usiogope" hakumfai, kwani lozi hazingoji maneno. Tena hazisahau upesi: khofu iliyokwisha kujifunzwa haifutiki, bali hufunikwa na mazoea mapya ya usalama, yakirudiwa mara nyingi.

Nasi tuliiondoa fimbo mezani. Sasa humsikiliza mtoto akiwa peke yake, kisha na wenzake wawili, kisha mbele ya darasa. Wengi wamefunguka. Yuko mmoja ambaye, kabla ya kusoma, bado hutazama pale ilipokuwa.