Asilimia Kumi na Hesabu Isiyopigwa: Madini katika Pato la Taifa la Tanzania

Katika mijadala ya uchumi wa Tanzania imezoeleka hoja moja inayosikika bungeni, katika hotuba za bajeti na hata katika tasnifu za wanafunzi, nayo ni kwamba sekta ya madini imekwisha kutimiza wajibu wake wa maendeleo kwa kuwa mchango wake katika Pato la Taifa ulifika asilimia 10.1 mwaka 2024, kabla ya mwaka 2025 ambao serikali ilikuwa imeuweka kuwa ukomo wa kufikia asilimia 10. Mhadhara huu unaichukua hoja hiyo kuwa mpinzani wake mkuu. Takwimu yenyewe haina kasoro ya hesabu. Kasoro iko katika kuitumia kujibu swali la maendeleo endelevu, yaani maendeleo ambayo kizazi cha leo hakiyagharimii kwa kukila kizazi kijacho.

Historia ya sheria inajulikana na haihitaji kurudiwa kwa kirefu. Sheria ya Madini ya mwaka 1998 iliwavuta wawekezaji kwa mrabaha wa dhahabu wa asilimia 3, mrabaha ukiwa ni malipo ambayo mwenye leseni humlipa mwenye mali, yaani taifa, kwa madini yanayotoka ardhini. Kamati ya Jaji Mark Bomani, iliyoundwa kuichunguza sekta ya madini, ikatoa ripoti yake mwaka 2008. Sheria ya mwaka 2010 ikaupandisha mrabaha huo hadi asilimia 4. Na baada ya sakata la makinikia, yaani mchanga wenye madini uliokuwa ukisafirishwa nje, marekebisho ya mwaka 2017 yakaufikisha asilimia 6, pamoja na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 na hisa za serikali zisizolipiwa, zisizopungua asilimia 16. Mjadala wote huo ulihusu mgawanyo, nani apate kiasi gani. Ulikuwa mjadala wa haki, lakini ulipotulia lilibaki swali la nini kifanywe na fungu la taifa, na swali hilo ndilo lililozikwa chini ya asilimia 10.

Asilimia ni sehemu ya kitu kizima, na sehemu inaweza kukua bila mwenye nayo kutajirika. Sehemu ya madini hupanda bei ya dunia inapopanda, hata kama hakuna gramu iliyoongezeka: wakia ya dhahabu iliyouzwa kwa takriban dola 1,060 mwishoni mwa mwaka 2015 ilikuwa imefika takriban dola 2,600 mwishoni mwa mwaka 2024. Hupanda vilevile kilimo kinapodorora. Hupanda tena uandikishaji unapoboreshwa, kwa maana tangu masoko ya madini yalipoanza kufunguliwa mwaka 2019, dhahabu ya wachimbaji wadogo iliyokuwa ikitoroshwa sasa hupimwa, hulipiwa na kuandikwa, jambo la kupongezwa sana, ingawa dhahabu hiyo ilikuwa ikitoka katika maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo, ya Geita na Chunya hata pale ambapo hakuna karani aliyeiona. Aidha, Pato la Taifa huhesabu thamani inayozalishwa ndani ya mipaka bila kujali faida inamfikia nani, hivyo gawio linalolipwa kwa wanahisa wa Toronto au Johannesburg huhesabiwa sawa na mshahara unaotumika Kahama.

Hata hivyo, kasoro kubwa kuliko hizo zote ni kwamba hesabu hiyo haitoi kilichokwisha. Kiwanda kinapochakaa, wahasibu hutenga fedha za uchakavu. Mbale, yaani mwamba wenye madini, unapochimbwa na kumalizika, Pato la Taifa husajili mauzo peke yake na kunyamaza kuhusu shimo. Mtoa mhadhara aliwahi kulieleza jambo hili darasani kwa milinganyo mirefu, hadi mwanafunzi mmoja, mtoto wa wafugaji wa Shinyanga, alipouliza kama mzee wake akiuza ng'ombe wa maziwa aandike fedha hizo kuwa ni mauzo ya maziwa. Milinganyo ilifutwa ubaoni. Umoja wa Mataifa nao umeikubali hoja hiyo, kwani Mfumo wa Hesabu za Taifa ulioidhinishwa mwaka 2025 unaitambua kupungua kwa maliasili kuwa ni gharama ya uzalishaji na kulipa uzito zaidi pato halisi, yaani pato lililokwisha kutolewa gharama hizo. Anayeendelea kujivunia asilimia 10 ghafi anajivunia kipimo ambacho waliokitunga wenyewe wameanza kukirekebisha.

Aliyelitatua tatizo hili kwa ustadi mkubwa zaidi ni Salah El Serafy, mchumi wa Misri aliyefanya kazi Benki ya Dunia, katika sura aliyoichapisha mwaka 1989. Wachumi wa Tanzania humtaja kwa nadra, na hilo ni la kusikitisha, maana kazi yake inasomeka kana kwamba iliandikwa kwa ajili ya Kanda ya Ziwa. El Serafy alianza na maana ya pato iliyotolewa na mchumi John Hicks, kwamba pato la mtu ni kile anachoweza kutumia bila kujiacha maskini kuliko alivyoanza, kisha akauliza: katika mapato ya mgodi utakaokwisha, ni sehemu gani inaweza kutumiwa leo, ili sehemu iliyobaki ikiwekezwa izae kiasi hichohicho milele? Jibu lake halihitaji kujua thamani ya jumla ya madini yaliyo ardhini, jambo ambalo hakuna anayelijua kwa uhakika. Linahitaji mambo mawili tu, yaani miaka iliyosalia ya uhai wa mgodi kwa kasi ya sasa ya uchimbaji, na kiwango cha riba ambacho akiba inaweza kuzaa. Uzuri wa jibu hilo ni unyenyekevu wake, kwa kuwa linamwomba mtaalamu wa jiolojia kile tu anachoweza kukipima.

Mgodi wa Buzwagi wilayani Kahama unafaa kwa jaribio. Mkataba wake uliosainiwa London mwaka 2007 ulitikisa Bunge, ukasababisha mbunge Zitto Kabwe kusimamishwa kwa muda, na ukachangia kuundwa kwa Kamati ya Bomani. Mgodi ukafunguliwa mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2021. Kwa mgodi wenye miaka 12 mbele yake na riba ya asilimia 5, kanuni ya El Serafy inaonyesha kwamba katika kila shilingi 100 za mapato baada ya gharama za uchimbaji, takriban 47 tu ndizo pato, na 53 ni mtaji unaopaswa kubadilishwa kuwa mali nyingine. Kadiri miaka inavyopungua, sehemu ya pato nayo hupungua. Mwaka 2007 taifa lilibishana kwa ukali kuhusu mahali mkataba uliposainiwa, na mabishano hayo yana nafasi yake katika historia ya Bunge, lakini mwaka wa kufunga mgodi ulistahili angalau nusu ya kelele hizo.

Zipo pingamizi zenye uzito. Ya kwanza ni kwamba kanuni hiyo ni mtumwa wa riba: kwa mgodi uleule wa miaka 12, riba ya asilimia 3 huifanya sehemu ya pato kuwa shilingi 32, na riba ya asilimia 10 huipandisha hadi 71. Ya pili, ambayo mchumi Paul Collier ameitetea kwa nguvu, ni kwamba nchi yenye uhaba wa mtaji haina sababu ya kulimbikiza fedha ng'ambo ilhali barabara, umeme na shule za nyumbani zinaweza kuzaa zaidi. Ya tatu hutolewa na Botswana, ambayo kwa miaka mingi ilipima bajeti yake kwa kulinganisha matumizi yasiyo ya uwekezaji na mapato yasiyotokana na madini, ikaweka akiba katika Mfuko wa Pula, na bado uchumi wake ukasinyaa mwaka 2024 soko la almasi lilipodhoofika. Pingamizi hizi zinaonyesha kwamba akiba peke yake haizai viwanda na kwamba hesabu hii haitoi jibu moja la uhakika. Hazionyeshi kwamba sehemu ya mtaji ni sifuri, na sifuri ndiyo namba inayotumiwa sasa kimyakimya.

Wengine husema kwamba tatizo limeshatatuliwa na Benki Kuu kwa kununua dhahabu ya ndani. Ununuzi huo una faida kwa akiba ya fedha za kigeni, lakini muuzaji hulipwa thamani ya dhahabu yake, kwa hiyo kinachofanyika ni kubadilishana mali; mrabaha wa serikali bado unaweza kuliwa wote katika matumizi ya kawaida.

Kwa sababu hiyo mhadhara huu unashikilia, baada ya kupima yote hayo, kwamba mrabaha wa madini uondolewe katika matumizi ya kawaida ya bajeti na uwekewe mfuko wake kwa sheria, kama Sheria ya Usimamizi wa Mapato ya Mafuta na Gesi ya mwaka 2015 ilivyoweka mfuko kwa rasilimali hizo. Hoja ya Collier inaweza kukubaliwa kwa kuuruhusu mfuko kuwekeza ndani ya nchi, mradi kila shilingi inayotoka ionekane katika mali yenye jina, iwe ni njia ya umeme, chuo cha ufundi au ramani za jiolojia. Ama kiwango cha riba, hakifai kuchaguliwa na wizara inayosubiri kuzitumia fedha hizo, kwa kuwa njia nyepesi ya kupata shilingi 71 badala ya 32 ni kuandika namba kubwa. Ofisi ya Taifa ya Takwimu na Benki Kuu zinaweza kukipanga kwa miaka 5 mfululizo bila kukigusa katikati, na jedwali la kwanza linaweza kuanza na Geita, ambako mgodi mkubwa umechimba tangu mwaka 2000 na ambako mmiliki wake tayari huchapisha kila mwaka makadirio ya mbale uliosalia.